File Explorer imegoma kufunguka au inajifunga yenyewe? Pitia hapa kabla hujapiga Windows upya

Dalili mnazijua wakuu. Unabofya ile folda ya njano kwenye mstari wa chini, kale kaduara kanazunguka weee, dirisha linapauka na juu yake panaandikwa "Not Responding", ukisema ulifunge linakataa kufungika. Au linafunguka vizuri tu, alafu ukigusa folda fulani linapotea ghafla, na linavyopotea linaondoka na ukoo mzima: aikoni za deskitopu hamna, mstari wa chini hamna, Start hamna, imebaki picha ya nyuma peke yake, alafu baada ya sekunde kadhaa vyote vinarudi kama vile hakuna kilichotokea. Hapo ndo watu wanabeba laptopu mbio kwa fundi, na mafundi wengi jibu lao ni moja, "hii inataka Windows mpya", unaacha hela, unarudishiwa mashine tupu, programu zako zote zimeenda, na kama shida ilikuwa diski mbovu basi haipiti muda linarudi vilevile.

Msimamo wangu ni huu na mafundi wasinichukie: Explorer yenyewe ni nadra kuharibika. Mara nyingi imekutana na kitu kimoja kibovu ikakwama hapo. Kabla haijakuonyesha folda moja tu inakuwa imeshagusa vitu kibao, inasoma majina ya mafaili, inachungulia ndani ya video ili ikutolee kale kapicha kadogo, inaangalia draivu za mtandao kama zipo hewani, inaangalia flashi, na ukikliki kulia inaiuliza kila programu iliyojibandika kwenye ile menyu kama ina lolote la kuongeza. Kimoja kati ya hivyo kikikaa kimya, na yenyewe inakaa kumsubiri. Kwahiyo usianze na kutaipu amri ulizokopi mahali, anza kwa kujua inafia wapi.

Ila kwanza uitoe hapo ilipoganda. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, Task Manager itafunguka (kama ni kadirisha kadogo bonyeza "More details"), tafuta "Windows Explorer" kwenye orodha, kliki kulia, bonyeza "Restart". Skrini itapepesa, mstari wa chini utapotea na kurudi, basi. Kama kwenye orodha haipo kabisa maana yake imeshakufa, iamshe mwenyewe: Windows 10 nenda "File" alafu "Run new task", Windows 11 kitufe cha "Run new task" kipo juu hapohapo, andika

explorer.exe

alafu Enter. Angalizo, kama kulikuwa na faili kubwa unakopi kwenda kwenye flashi, ukiirestati Explorer ile kopi inakatika, kwahiyo kama bado inasogea hata kwa kujivuta ivumilie imalize.

Wengine wanashangaa kwanini kitu cha kufungulia mafolda kikifa kinaondoka na Start. Ni kwasababu tangu Windows 95 hiyo explorer.exe moja ndo inafanya kazi zote mbili, kuchora deskitopu na mstari wa chini, na kufungua madirisha ya mafolda. Jina la kwenye skrini ndo lilibadilika, zamani ilikuwa Windows Explorer, ikaja kuwa File Explorer kwenye Windows 8 mwaka 2012, ila kwa ndani ni ileile. Kuna mahali pa kuzitenganisha kidogo na mimi huwa napenda kupawasha kwenye mashine zinazosumbua: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

control folders

Enter, nenda "View", shuka chini utaona "Launch folder windows in a separate process", weka tiki, OK. Haikuponyi, ila angalau dirisha la folda likifa halikuondolei na Start yako. Hako kadirisha ka "control folders" kakariri, tutakarudia sana, na uzuri wake kanafunguka hata kama dirisha la folda limegoma.

Sasa tutafute inafia wapi. Jaribio ninaloanza nalo siku zote: Windows + R, andika C:\ alafu Enter. Ikifunguka vizuri, alafu ukibonyeza Windows + E inaganda, umeshajua, diski na mafaili ya ndani hayana neno, kinachokwama ni ule ukurasa wa kwanza unaojifungua wenyewe, ile Quick access au Home kama ni Windows 11. Ule ukurasa unakumbuka mafaili uliyofungua karibuni na mafolda unayotumia sana, sasa kama mojawapo lilikuwa kwenye flashi ambayo imeshachomolewa au kwenye kompyuta ya mwenzako ambayo imezimwa, inahangaika kuitafuta. Rudi kwenye "control folders", kwenye "General" pale juu paliposema "Open File Explorer to" chagua "This PC", alafu chini kwenye "Privacy" bonyeza "Clear". Wengi wanapona hapohapo. Kama bado, fungua Command Prompt (Windows + R, andika cmd) upige hii:

del /f /q "%AppData%\Microsoft\Windows\Recent\AutomaticDestinations\*"

Hii haifuti faili lako hata moja, inafuta ile kumbukumbu tu. Utapoteza yale mafolda uliyoyabandika pembeni kushoto, utayabandika tena. Ukimaliza irestati Explorer kwa Task Manager kama mwanzo.

Ofisini kuna kisababishi kingine ambacho watu hawakiwazii, ile draivu ya Z au S au herufi yoyote mliyounganisha kwenda kwenye kompyuta ya mhasibu au ya sekretari. Siku ile kompyuta ikizimwa, au umeme ukikatika upande wa kule wewe uko kwenye laptopu yenye chaji, kila ukifungua "This PC" mashine yako inaenda kugonga mlango ambao hakuna wa kuufungua, inasubiri, wewe unaona dirisha jeupe unasema kompyuta imekufa. Piga

net use

itakuorodheshea draivu zote za mtandao na hali zake, ile iliyoandikwa "Unavailable" au "Disconnected" iondoe hivi, ukibadilisha herufi kulingana na ya kwako:

net use Z: /delete

Hapo hujafuta mafaili ya kule, umekata uhusiano tu, mwenzako akiwasha utaunganisha upya.

Ya pili, na hii ndo ya mtaani kabisa, Explorer inafanya kazi kote isipokuwa folda moja, na folda yenyewe nakuhakikishia kwa asilimia kubwa ni Downloads au folda la muvi. Muvi iliyodaunilodiwa nusu bando likaisha, au iliyokopiwa kutoka kwenye flashi ikachomolewa kabla haijamaliza, inakaa pale ikiwa na jina zuri na ukubwa wake ila ndani haina kichwa wala miguu. Explorer inajaribu kuifungua ili ichore kale kapicha, inashindwa, na kama kile kisomaji video kilichowekwa kwenye hiyo mashine hakijatulia basi kinaanguka na kuiangusha Explorer nzima. Ukifungua tena inarudia, ukifungua tena inarudia, maana faili bado lipo palepale.

Hapo fanya hivi, "control folders", "View", weka tiki kwenye "Always show icons, never thumbnails", OK. Na kama upande wa kulia huwa panatokea muonekano wa faili ukilibofya, uzime kwa Alt + P. Sasa ingia kwenye ile folda. Ikifunguka bila kuanguka, umeshamshika mwizi, lililobaki ni kujua faili gani. Liangalie lile la mwisho kuingia kabla shida haijaanza, lihamishe au lifute. Kama hata hivyo folda haifunguki, lifute bila kupita kwenye Explorer, kwa cmd:

cd /d "%UserProfile%\Downloads"
dir /o-d

Hiyo ya pili inakupangia mafaili kuanzia jipya kabisa. Likiwa linaitwa mfano Episode 07.mp4 unaandika

del "Episode 07.mp4"

Alama za kufunga na kufungua usizisahau kama jina lina nafasi katikati, ukizisahau itadhani ni mafaili mawili. Na jua kwamba ukifuta kwa cmd haliendi kwenye Recycle Bin, limeenda moja kwa moja, kwahiyo soma jina kabla hujapiga Enter. Ukimaliza toa ile tiki ya thumbnails, maana kuishi na folda la picha za harusi lisiloonyesha picha ni mateso.

Kuna na ile hali ambayo folda haianguki ila inachukua dakika nzima kufunguka, kale kamstari ka kijani juu kanatembea kama kobe. Mara nyingi Windows imejiamulia kwamba folda hilo ni la picha au video, kwahiyo inataka ipekue kila faili. Kliki kulia kwenye folda, "Properties", "Customize", hapo kwenye "Optimize this folder for" weka "General items", na tiki ya chini yake ili mafolda ya ndani nayo yafuate. Alafu Downloads kwa kawaida imepangwa kwa makundi ya tarehe, leo, jana, wiki iliyopita, kama ina maelfu ya mafaili toa hayo makundi: kliki kulia sehemu tupu, "Group by", "None". Tofauti utaiona palepale. Ukitaka na zile picha ndogo zilizohifadhiwa zitengenezwe upya, Windows + R, andika cleanmgr, chagua C, weka tiki kwenye "Thumbnails" TU. Nasema tu kwa herufi kubwa kwasababu kwenye baadhi ya Windows 10 kuna mstari umeandikwa "Downloads" mlemle, watu wanaweka tiki kote kote wakijua wanasafisha uchafu wakakuta folda zima limeenda.

Ya tatu ni ya kliki kulia. Kila kitu safi, unatembea kwenye mafolda unavyotaka, ila ukikliki kulia juu ya faili inaganda au inajifunga. Hiyo karibu siku zote ni programu iliyojibandika kwenye menyu. Angalia menyu yako ya kliki kulia ilivyo ndefu, WinRAR ipo humo, antivirusi ipo, Google Drive, programu ya kufungulia PDF, programu ya kadi ya picha, na vitu ulivyowahi kuweka ukaviondoa ila mizizi imebaki. Kila kimoja ni programu ya mtu mwingine inayokimbia ndani ya Explorer, kikianguka kimoja kinaanguka na mwenye nyumba.

Kujua kama ni hiyo, washa mashine kwenye Safe Mode maana kule vingi vya aina hiyo havipandi. Shikilia Shift huku unabonyeza "Restart", ikija skrini ya bluu nenda "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", alafu bonyeza namba 4. Baadhi ya laptopu hapo zitakuomba ufunguo wa BitLocker (lile kufuli la Windows la kufungia diski), tarakimu ndefu, huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye hiyo mashine, kwahiyo uutafute kwa simu KABLA hujaanza na sio ukiwa umeshakwama. Kama ndani ya Safe Mode kliki kulia inafanya kazi bila shida, mhalifu ni programu ya nje.

Kumpata kwa jina kuna kijiprogramu cha bure kinaitwa ShellExView, cha NirSoft, kidogo sana hata bando hakili, chukua ya 64-bit kama Windows yako ni 64. Kinakuletea orodha ya vyote vilivyojibandika, vile ambavyo sio vya Microsoft vimepakwa rangi ya waridi. Chagua vyote vya waridi, uvizime, restati Explorer, jaribu kliki kulia. Imepona? Sasa washa nusu yake. Imeharibika tena, basi yupo kwenye hiyo nusu, gawa tena nusu. Kwa njia hiyo hata viwe thelathini hupigi mizunguko mingi utakuwa umembana. Ukishamjua, iapdeti hiyo programu au iondoe, vingine virudishe. Vya Microsoft usiviguse hata kama jina lake hulielewi, hasa kama hulielewi.

Ukitaka ushahidi wa maandishi badala ya kubahatisha, Windows yenyewe inaandika kila kifo. Windows + R, andika

perfmon /rel

Inakuja kalenda, siku zenye duara jekundu lenye alama ya x ndo siku kitu kilianguka, bofya siku hiyo, bofya mara mbili "Windows Explorer", soma maelezo. Mambo mengi yameandikwa pale ila wewe unatafuta mistari miwili tu. Wa kwanza "Fault Module Name", kama hapo kuna jina la dll (faili saidizi la programu) ambalo linafanana na jina la programu unayoijua umemaliza kazi. Kama imeandikwa ntdll.dll au KERNELBASE.dll usikimbilie kusema hiyo ndo mbovu, hayo ni mafaili ya Windows ambayo kila programu inapita humo, mara nyingi ni pale tu ajali ilipotokea. Wa pili "Exception Code". Ukiona c0000005 ni programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, hiyo ya kawaida, rudi kwa wale wa waridi. Ila ukiona c0000006 acha kila unachofanya. Hiyo inamaanisha Windows ilienda kusoma kitu kwenye diski au kwenye mtandao ikashindwa kukileta, na kama huna draivu ya mtandao basi diski yako inakuaga.

Hapa kwenye diski naomba tutulie kidogo maana ndo watu wanapoteza vitu vya maana. Dalili za diski: Explorer nzito kila mahali na sio folda moja, Task Manager inaonyesha "Disk" 100% wakati hujafungua kitu, kukopi faili dogo kunachukua milele, na kwa hadidiski za zamani zile za kuzunguka unasikia tik tik tik. Usianze na chkdsk! Najua kila mtu anaiimba, ila chkdsk yenye /r inasoma kila kipande cha diski kimoja kimoja, diski ya TB 1 inaweza kula masaa mengi, na kama diski iko mahututi hiyo kazi ndo inaimalizia. Kwanza toa vitu vyako. Chomeka hadidiski ya nje, iangalie imepewa herufi gani, tuseme E, alafu kwa cmd:

robocopy "%UserProfile%\Documents" "E:\Backup\Documents" /E /R:1 /W:1

Robocopy ipo ndani ya Windows tayari, haipiti kwenye Explorer kabisa kwahiyo hata kama Explorer imekufa inakopi. Zile /R:1 /W:1 usiziache, kwasababu bila hizo ikikutana na faili bovu inajaribu tena mara milioni moja huku ikipumzika sekunde 30 kila mara, hapo utazeeka. Rudia amri kwa Pictures, Desktop, na popote penye vitu vyako.

Ukishatoa, weka CrystalDiskInfo, ya bure nayo, ifungue uangalie rangi. "Good" ya bluu sawa. "Caution" ya njano, anza kutafuta hela ya SSD, hata kama mashine bado inawaka. "Bad" nadhani hujahitaji maelezo. Ikiwa ni Good ndo saivi unaweza kupiga hii, kwa cmd uliyoifungua kwa "Run as administrator"

chkdsk C: /f

itasema haiwezi sasa hivi kwasababu C inatumika, unataka ifanye ukiwasha tena? Jibu Y, restati, iache ifanye.

Kama diski ni nzima, kliki kulia sio, folda moja sio, basi hapo ndo tunakubali kwamba labda mafaili ya Windows yenyewe yameharibika, mfano umeme ulikatika katikati ya apdeti kwenye kompyuta isiyo na UPS. Start, andika cmd, kliki kulia "Run as administrator" (Start ikiwa imekufa, kwenye Task Manager "Run new task" andika cmd uweke tiki ya administrator hapo chini), alafu hizi mbili kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Watu wengi wanapiga sfc peke yake, ikishindwa wanakata tamaa. sfc inatengeneza kwa kuchukua nakala kutoka kwenye stoo iliyopo ndani ya kompyuta, sasa kama stoo yenyewe imeoza itachukua nini? DISM ndo inatengeneza stoo, na inavuta vitu Windows Update kwahiyo uwe na intaneti, na itagandia kwenye asilimia sitini na kitu hadi udhani imekufa, iache tu. sfc ikimaliza soma sentensi yake. "did not find any integrity violations" ni kwamba haikukuta kibovu, tafuta shida kwingine. "successfully repaired" restati ujaribu. "unable to fix some of them" rudia zote mbili mara moja zaidi.

Ilianza baada ya apdeti? Settings, "Windows Update", "Update history", "Uninstall updates", toa ile ya tarehe hiyo. Au andika rstrui kwenye Windows + R urudi siku ya nyuma, kama System Restore ilikuwa imewashwa, mafaili yako hayaguswi ila programu ulizoweka baada ya siku hiyo zitaondoka. Walio Windows 10 wajue tu msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwahiyo usikae kusubiri apdeti ya bure ije ikutengenezee.

Virusi navyo. Kama unawasha mashine, unaandika neno la siri, alafu inakuja nyeusi tupu, ukiiamsha explorer.exe kwa Task Manager inakuja vizuri, ila kesho ukiwasha ni yaleyale, angalia regedit (Windows + R, andika regedit), njia ni hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon

kuna mstari "Shell", upande wa pili panatakiwa paandikwe explorer.exe na hakuna kingine. Kama kuna kitu kimeongezwa pembeni au kuna jina tofauti, mtu ameingia. Rudisha explorer.exe, alafu fungua Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", chagua ile ya "offline scan", itarestati na kupekua kabla Windows haijapanda, kama robo saa hivi.

Na ile ya flashi iliyotoka stationery, unaifungua unakuta mafolda yote yamekuwa shotikati, au imejaa ila haionyeshi kitu. Hapo Explorer haina kosa, mafaili yamefichwa. Usibofye hizo shotikati, kubofya ndo kukiruhusu kirusi kiingie kwenye mashine yako. Piga, kama flashi ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

vitu vyako vitatokea, hamisha vya kwako tu, alafu ifomati hiyo flashi.

Jaribio moja la haraka ambalo ningekushauri ufanye kabla hujaamua lolote kubwa, tengeneza akaunti nyingine ya muda. cmd ya administrator:

net user jaribio /add

Toka, ingia kwa hiyo akaunti mpya, haina neno la siri, bonyeza Enter tu. Explorer inafanya kazi vizuri humo? Basi Windows yako ni nzima, kilichoharibika ni mipangilio ya akaunti yako, hamisha vitu uhamie akaunti mpya, hiyo ni kazi ya jioni moja na hakuna Windows ya kupigwa. Kama hukuhamia humo, ukimaliza kujaribu unaifuta kwa net user jaribio /delete.

Kitu kimoja usifanye katika yote haya, usidaunilodi programu za "PC repair" wala faili la dll kutoka tovuti za kugawa dll. dll ya Windows inatoka kwa DISM na sfc, kwingine kote unajiletea mgeni.

Yote yakishindwa bado kuna njia ya kuweka Windows juu ya Windows bila kupoteza programu. Windows 11 zenye apdeti za karibuni nenda Settings, "System", "Recovery", kuna "Reinstall now" chini ya "Fix problems using Windows Update", inabakiza mafaili, programu na mipangilio. Kama hakuna, chukua ISO (faili moja lenye Windows nzima ndani) kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, kliki kulia "Mount", au bofya mara mbili, fungua setup.exe ukiwa ndani ya Windows yako hiyohiyo, na ikifika paliposema nini kibaki hakikisha imechaguliwa "Keep personal files and apps". Kama hilo chaguo limefifia halibonyezeki simama hapo, ISO uliyochukua haiendani na lugha au toleo la Windows uliyonayo, tafuta inayoendana. ISO inazidi GB 5 kwahiyo subiri bando la usiku, chomeka chaja, na uwe na nafasi ya kama GB 20 kwenye C.